Maswali ya Wasomaji: Saini Yako na Kasino ya Mtu Mwingine

Barua nyingi tulizopokea mara hii zimetoka kwa wasomaji wetu waishio Marekani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: pendekezo la wananchi la kuongeza kasino katika jimbo, lile linaloanza kwa saini na kuishia kwenye karatasi ya kura. Tumeunganisha barua zilizofanana na kufupisha zilizokuwa ndefu.

SWALI: Nilikuwa nikitoka dukani nilipozuiwa na kijana aliyebeba rundo la fomu. Aliniomba nitie saini ili "wananchi wapewe nafasi ya kuamua" kuhusu kasino, akasisitiza kwamba kutia saini si kukubali kamari. Nilitia. Sasa nyumbani kwangu nalaumiwa kwamba nimeiuza dini yangu. Nimefanya nini hasa? (Msomaji, Little Rock, Arkansas)

JIBU: Ndugu msomaji, kijana yule hakusema uongo, ila alisema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito. Saini yako haikuruhusu kasino yoyote. Imesaidia tu pendekezo fulani kufika kwenye karatasi ya kura, ambako wapigakura wa jimbo zima watalikubali au kulikataa. Utaratibu huu wa raia kupendekeza sheria, au hata marekebisho ya katiba, bila kusubiri bunge, upo katika takriban nusu ya majimbo ya Marekani, na jimbo la kwanza kuuingiza katika katiba yake lilikuwa South Dakota, mwaka 1898. Waliouasisi walikuwa watu waliochoshwa na mabunge yaliyosikiliza zaidi makampuni ya reli kuliko wakulima, wakataka mkulima naye awe na njia ya kulipita bunge pale linapomfungia masikio.

Tazama sasa njia hiyo inavyopitwa leo. Katika Arkansas, pendekezo la kurekebisha katiba linahitaji saini za wapigakura walioandikishwa zisizopungua asilimia 10 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia. Kwa uchaguzi wa mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa saini 90,704. Mkulima na jirani zake hawawezi kuzikusanya saini hizo kwa miezi michache, ilhali kampuni yenye fedha za kuajiri vijana wa kusimama milangoni mwa maduka inaweza. Jimbo la Colorado liliwahi kupiga marufuku kuwalipa wakusanyaji wa saini, lakini mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa marufuku hiyo kwa hoja kwamba kutafuta saini ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1978, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua, katika shauri lililotoka Massachusetts, kwamba makampuni hayawezi kuzuiwa kutumia fedha zao katika kampeni za maswali ya kura. Ukizisoma hukumu hizo mbili kwa pamoja utaelewa kwa nini neno "wananchi" katika "pendekezo la wananchi" hutaja utaratibu uliotumika, na halithibitishi ni nani aliyeketi kuliandika.

Kuhusu lawama za nyumbani, waambie kwamba kura yenyewe bado iko mkononi mwako. Mara nyingine ukizuiwa mlangoni, omba usome maandishi kamili ya pendekezo, si muhtasari anaoukariri mkusanyaji, kwa maana muhtasari hutaja shule na barabara, na maandishi kamili hutaja wenye leseni.

SWALI: Nimeshangaa kusikia kwamba katiba ya jimbo letu inataja makampuni ya kasino kwa majina na kaunti kwa majina. Mimi nilidhani katiba ni ya haki za watu. Tena sisi wa kaunti hii tulikataa kasino, lakini tukaambiwa tutapewa. Inawezekanaje? (Msomaji, Russellville, Arkansas)

JIBU: Kisa cha kaunti yenu ya Pope, kwa maoni yetu, ni darasa bora kuliko vyote tulivyonavyo juu ya suala hili, kwa hiyo tutakaa hapa kuliko kwingine.

Mwaka 2018 wapigakura wa Arkansas walipitisha, kwa takriban asilimia 54, pendekezo ambalo leo ni Marekebisho ya 100 ya katiba ya jimbo. Liliruhusu kasino nne, na halikuacha nafasi ya kukisia zingekuwa za nani au wapi. Leseni mbili zilitolewa kwa majina kwa viwanja vya mbio vilivyokuwa tayari vinaendesha aina fulani za michezo ya kubahatisha: Oaklawn, uwanja wa farasi wa Hot Springs, na Southland, uwanja wa mbwa wa West Memphis. Leseni ya tatu iliwekwa katika kaunti ya Jefferson, karibu na Pine Bluff, na ya nne katika kaunti ya Pope, ndani ya maili mbili kutoka mipaka ya mji wa Russellville. Miongoni mwa wafadhili wakuu wa kampeni walikuwamo taifa la Quapaw na upande wa biashara wa taifa la Cherokee, yote mawili ya Wenyeji wa Marekani wenye makao yao Oklahoma. Quapaw ndio waliokuja kujenga kasino ya Pine Bluff, iitwayo Saracen.

Jefferson ilikuwa tayari kuipokea kasino. Pope haikuwa tayari, na wapigakura wake walilikataa pendekezo lenyewe siku ileile jimbo lilipolikubali. Lakini kura ya marekebisho ya katiba huhesabiwa kwa jimbo zima, na kaunti haina turufu ya kuitupilia mbali. Ndiyo maana mtu wa mbali, ambaye hatapita kamwe katika barabara zenu usiku, alikuwa na sauti sawa na yenu juu ya kitakachojengwa kando ya mji wenu. Kinga pekee iliyoachwa ilikuwa sharti kwamba mwombaji awe na barua ya kuungwa mkono na viongozi wa hapo, na barua hiyo ikawa chanzo cha kesi juu ya kesi: viongozi waliokuwa wakimaliza muda wao waliandika za kwao, waliowafuata wakawa na msimamo mwingine, na mahakama zikaulizwa barua ya nani ni barua. Miaka sita ikapita bila kasino kufunguliwa.

Kisha likaja pendekezo jingine la wananchi, mwaka 2024, la kuifuta leseni ya Pope na kutaka kwamba leseni mpya ya kasino ikiruhusiwa siku za mbele, wapigakura wa kaunti husika wakubali kwanza. Likapita kwa takriban asilimia 56. Ukiishia hapo utasema demokrasia imejisahihisha, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila waliogharimia kampeni hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa taifa la Choctaw, nao wana kasino yao Pocola, upande wa Oklahoma wa mpaka, jirani na mji wa Fort Smith wa Arkansas. Na kutoka Fort Smith hadi Russellville ni barabara kuu moja tu. Upande wa pili, kampeni ya kuitetea leseni iligharimiwa na Cherokee, ambao ndio waliokuwa wameipata. Wakazi wa Pope waliopigania kura yao walikuwa wa kweli na hoja yao ilikuwa ya haki. Ilitokea tu kwamba safari hii haki yao na faida ya mwenye fedha zilielekea upande mmoja. Mwaka 2018 hazikuelekea upande mmoja, na mkaona matokeo yake.

Hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu majina ndani ya katiba. Mtu anayelipia pendekezo la kasino halilipii ili kasino ziwepo kwa ujumla. Analipia ili yake iwepo, na ya mshindani wake isiwepo. Na mahali salama pa kuliandika hilo ni katika katiba, ambako bunge haliwezi kulifuta kwa kura ya kawaida.

SWALI: Nina kibali cha ukaazi wa kudumu, si raia bado. Naweza kutia saini fomu hizo? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Usitie. Fomu za mapendekezo ni za wapigakura walioandikishwa, na anayetia saini hujitambulisha kuwa mmoja wao. Saini yako haitahesabiwa, na kudai uraia usionao, hata kwa bahati mbaya kwenye karatasi iliyowekwa mbele yako kwa haraka, kunaweza kukuharibia maombi yako ya uraia baadaye. Kusoma na kujadili hakukatazwi.

SWALI: Matangazo yanasema kasino italeta mamilioni ya kodi kwa ajili ya shule. Mume wangu anasema fedha ni fedha, zitoke popote. Hesabu zake zikoje? (Msomaji, Cincinnati, Ohio)

JIBU: Tuanze na neno lenyewe linalotozwa kodi. Kodi ya kasino haitozwi juu ya fedha zote zinazowekwa mezani, bali juu ya mapato ghafi ya michezo, yaani fedha zilizowekwa zikiondolewa zile walizolipwa washindi. Kwa lugha ya wazi zaidi, ni jumla ya walichopoteza wachezaji.

Chukua mfano wa ruleti ya Kimarekani. Gurudumu lake lina vyumba 38: nambari 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Anayeweka dola moja juu ya nambari moja, akishinda, hulipwa dola 35 pamoja na kurudishiwa dola yake, wakati uwezekano wake wa kushinda ni mara moja katika 38. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chakula cha kasino: katika kila dola 100 zinazowekwa, kwa wastani hubaki nayo dola 5 na senti 26. Huko kwenu Ohio kodi ni asilimia 33 ya hicho kinachobaki, sawa na dola 1 na senti 74 hivi. Geuza hesabu upande wa pili nayo itaonyesha zaidi: ili Ohio ipate dola milioni moja ya kodi, lazima wachezaji wapoteze takriban dola milioni tatu. Nebraska, ambako kiwango ni asilimia 20, lazima wapoteze milioni tano. Arkansas hutoza asilimia 13 tu katika dola milioni 150 za kwanza za mapato ya kila kasino, kwa hiyo hapo kila milioni ya kodi hutanguliwa na hasara ya wachezaji inayokaribia milioni saba na laki saba. Watu hubishana kama kasino iruhusiwe au ikataliwe, na ni wachache wanaouliza kiwango cha kodi, ilhali kiwango ndicho kinachogawa faida kati ya jimbo na mwenye kasino.

Sasa kuhusu ahadi. Kabla ya kura ya Novemba 2009 iliyoruhusu kasino za Cleveland, Cincinnati, Columbus na Toledo, waliolitangaza pendekezo walitabiri kodi ya zaidi ya dola milioni 600 kwa mwaka. Mwaka 2013, kasino zote nne zilipokuwa zimefunguliwa, kodi haikufika hata milioni 300. Sababu moja iko wazi: katika kipindi hichohicho jimbo liliruhusu mashine za bahati nasibu katika viwanja vyake saba vya mbio za farasi, na mchezaji mwenye dola zake hazizidishi kwa sababu milango imeongezeka, huzigawa tu. Makadirio ya kampeni hufanywa kana kwamba kasino hiyo itakuwa peke yake milele.

Mumeo ana hoja katika jambo moja, nalo ni kwamba mgawanyo wa Ohio uliandikwa bayana: asilimia 51 ya kodi huenda kwenye kaunti zote, asilimia 34 kwa wilaya za shule, asilimia 5 kwa miji yenye kasino, na zinazobaki kwa usimamizi, mbio za farasi, mafunzo ya polisi na tiba ya uraibu. Sehemu ya uraibu ni asilimia 2. Hata hivyo, mwulize swali hili: fedha za kasino zikiingia katika shule, je, kuna lolote katika pendekezo linalokataza bunge kupunguza kiasi kilekile kutoka mfuko wa kawaida? Kama hakuna, shule inaweza kupokea hundi mpya na bado bajeti yake ikabaki palepale.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa makamo na kamari sijawahi kuipenda. Mwaka 2022 televisheni ilijaa matangazo ya kupinga kamari ya michezo, nikafurahi, mpaka mwanangu akanionyesha kwamba yamelipiwa na wenye kasino. Je, nilipiga kura pamoja nao bila kujua? (Mama, San Diego, California)

JIBU: Shikamoo, mama. Ulipiga kura pamoja nao, ndiyo, na pamoja na wengine wengi. Mwaka huo California ilikuwa na mapendekezo mawili yaliyoshindana. Pendekezo la 27, lililofadhiliwa na makampuni ya kamari ya mtandaoni kama DraftKings na FanDuel, lingeruhusu kubashiri michezo kwa simu kokote jimboni, na lilipambwa kwa ahadi ya fedha za kuwasaidia wasio na makazi. Pendekezo la 26, lililoungwa mkono na mataifa kadhaa ya Wenyeji yenye kasino, lingeruhusu ubashiri ndani ya kasino zao na katika viwanja vinne vya farasi, na pia lingewaongezea ruleti na michezo ya dadu. Pande zote kwa pamoja zilitumia zaidi ya dola milioni 400, na wapigakura wakayakataa yote mawili, la 27 kwa zaidi ya asilimia 80. Tusiwaonee hao Wenyeji, ambao ndio waliolipia kwa sehemu kubwa matangazo ya kulipinga la 27, maana kasino kwao ni haki iliyopatikana kwa mapambano: uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1987, uliotokana na shauri la kabila dogo la hukohuko kwenu kusini mwa California, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 iliyofuata. Kuilinda kwao kunaeleweka. Lakini kulinda biashara si kupinga kamari.

Mchezo huu si wa California peke yake. Florida, mwaka 2018, ilipitisha kwa asilimia 71 kwamba kasino zisiongezwe ila kwa pendekezo la wananchi, na fedha nyingi za kampeni hiyo zilitoka kwa kampuni ya Disney, isiyotaka kasino zigombee watalii wake, na kwa taifa la Seminole, ambalo lina kasino zake. Missouri, mwaka 2008, ilikuwa na sheria ambayo haikuwapo katika jimbo jingine lolote, kwamba mchezaji asipoteze zaidi ya dola 500 katika kila saa mbili. Makampuni ya kasino yakaleta pendekezo la kuiondoa. Kodi ikapanda kutoka asilimia 20 hadi 21 kwa faida ya shule, ukomo wa hasara ukafutwa, na katika maandishi hayohayo idadi ya leseni ikafungwa isizidi zilizokuwapo. Yaani aliyekuwa ndani alijiongezea nafasi, kisha akafunga mlango nyuma yake, na yote yakaitwa msaada kwa shule. Wapigakura walikubali.

Kwa hiyo, mama, pima pendekezo kwa msimamo wako. Ukikuta kampuni imesimama upande wako, jua tu kwamba mwaka ujao inaweza isiwepo hapo.

SWALI: Tukishapiga kura na mambo yakaharibika, tunaweza kurudi nyuma? (Msomaji, Toledo, Ohio)

JIBU: Inategemea pendekezo limeandikwa wapi. Likiwa sheria ya kawaida, bunge la jimbo mara nyingi linaweza kuligusa, ingawa majimbo mengine huweka vizuizi. Nebraska, kwa mfano, hutaka theluthi mbili ya wabunge. Mwaka 2020 Nebraska hiyohiyo ilipigia kura mapendekezo matatu ya kasino kwa pamoja: moja la katiba na mawili ya sheria. Likiwa ndani ya katiba, kwa kawaida ni kura ya jimbo zima tu inayoweza kuliondoa.

Ohio ililijua hilo mapema kuliko wengi. Pendekezo lenu la mwaka 2009 liliingiza katika katiba hadi viwanja vya ardhi ambamo kasino zingejengwa. Viongozi wa Columbus hawakutaka kasino katikati ya mji wao, mahali palipotajwa. Mwenye kasino naye akakubali kuhama. Hata hivyo makubaliano yao hayakutosha. Mei 2010 ilibidi wapigakura wa jimbo lote, wa Toledo na wa Cleveland pia, waitwe tena kupiga kura ili kasino moja ihamishwe kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ndani ya mji uleule, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha vipuri vya magari upande wa magharibi. Mwaka 2015, watu wengine walipoiga mbinu hiyo kwa bangi na kutaka mashamba machache yaliyotajwa yawe ndiyo pekee yatakayoruhusiwa kuilima kwa biashara, wapigakura walilikataa pendekezo hilo na siku hiyohiyo wakapitisha kanuni mpya: mtu akitaka katiba impe ukiritimba, wapigakura waulizwe kwanza, katika swali la peke yake, kama wanakubali kumpa. Kanuni hiyo haikuzigusa kasino nne zilizokuwapo, nazo bado zimo katika katiba yenu.